Mlinzi wetu ameibwa kambini

Jumamosi. Jua limetoka, ukungu kidogo juu ya ziwa.

Wapendwa, leo nimeamka nikakuta mlinzi wetu ameibwa.

Mlinzi ni Bosco, mbwa wa binti yangu Neema. Jana tulivuta katrela ketu ka kulala kutoka nyumbani, Oakdale, mpaka hapa kambini kwa mapumziko, na usiku nikamfunga Bosco nje, karibu na mlango. Kwani mbwa hulala wapi kwingine?

Asubuhi, kamba tupu. Neema akaanza kulia. Tukaita "Bosco!" kambi nzima.

Mlango wa trela ya jirani ukafunguka, akatoka bibi mmoja Mzungu na kikombe cha kahawa. Nyuma yake, kitandani, katikati ya mbwa wake wawili, nani? Bosco. Kafunikwa blanketi!

"Alikuwa analia, mbu wanammaliza," akasema. "Nilidhani mmemsahau."

"Hatukumsahau, mama. Yuko kazini. Anatulinda."

"Dhidi ya nani?"

Nikatazama huku na huku. Aliyekuja usiku kuchukua kitu ni yeye peke yake. Na askari wangu hakubweka hata mara moja!

Sasa hapo nimshukuru au nimshtaki?

Nimemshukuru. Nikamwita Bosco. Akaniangalia, akarudisha kichwa kwenye mto. Ikabidi Neema aingie kumbeba.

Neema ameshaamua, kwa Kiingereza kama kawaida yake: leo Bosco analala ndani, kitandani kwangu. Baba Neema anacheka tu.

Enyi wenye mbwa huku ughaibuni, nisaidieni. Mnamlaza upande wa ukutani au wa mlangoni?