Wiki Mbili Zilizonitoa Jasho

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kishapu, na mume wangu anachimba dhahabu Mwakitolyo. Nesi aliponiandikia kwenye kadi tarehe ya kujifungua, nilirudisha kalenda nyuma wiki arobaini, jasho likanitoka. Kwa hesabu hiyo, mimba ilianza wiki mbili kabla mume wangu hajaja nyumbani! Nikaificha ile kadi, nikatunga tarehe yangu, nikaitumia kuomba likizo ya uzazi.

Mwalimu mkuu, Mama Kabula, aliniuliza mbele ya walimu wote, “Mbona hukuambatanisha kadi ya kliniki?”

“Imekosea, mama,” nikasema, machozi yakinilengalenga. “Inahesabu hata siku ambazo mume wangu hakuwepo. Haki ya Mungu, sijatoka nje ya ndoa!”

Mama Kabula akavua miwani. “Nani kakushitaki, mwalimu? Wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Wiki mbili za mwanzo huwa hata mimba haijaingia.”

“Sasa wanazihesabia nini?”

“Kwa sababu hedhi mtu anaikumbuka. Siku mimba ilipoingia nani anaijua?”

“Mimi naijua,” nikajibu haraka. “Ilikuwa Jumamosi, mvua ilinyesha mchana kutwa.”

Ofisi nzima ikaangua kicheko.