Mji Tusiokuwa na Ndugu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tuliishi nyumbani kwa mama mkwe, Ngamiani, katika chumba kilichopakana na chake. Nyumba ni ya zamani, na kuta zake za ndani hazifiki juu. Zinaishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, kisha ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabati. Upepo unapita vizuri, na sauti pia. Mama mkwe akikohoa, nilisikia kama yuko kitandani kwetu. Mimi nikijigeuza, kitanda kikalia, yeye aliuliza kutoka upande wa pili, "Mwanangu, hujalala bado?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mjane mpya, usingizi ulikuwa umemkimbia, na kila sauti aliyoisikia aliiitikia kama mtu aliyebishiwa hodi.

Baba mkwe alifariki muda mfupi baada ya harusi yetu, kwa hiyo fungate hatukuipata. Siku ambazo maharusi wengine hukaa ndani wakiletewa chakula, sisi tulikuwa tunapokea watu wa matanga. Sikulalamika. Ningemlalamikia nani? Mume wangu ndiye mtoto pekee wa kiume, dada yake ameolewa Dar es Salaam, na mama asingeweza kuachwa peke yake. Nikajifunza kunong'ona, halafu nikajifunza kunyamaza. Ikafika mahali tukawa tunaandikiana ujumbe wa simu tukiwa kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, mwanga wa simu tumeufunika kwa shuka.

Hivyo hivyo ndivyo tulivyoanza kuchagua hoteli. Ofisi yake ya mizigo bandarini ilimpa likizo katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, na mwenye duka la dawa ninakouza akaniruhusu siku zile zile. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza tukiwa mke na mume. Aliniandikia twende mahali. Nikamjibu, mahali penye ukuta. Alidhani natania.

Nilianza kuangalia picha za hoteli kila nilipopata nafasi, dukani wateja wakipungua, jikoni mchuzi ukichemka. Hoteli za ufukweni nilizikataa mapema. Ni nzuri, lakini vibanda vyake vingi ni vya miti na makuti, na makuti hayazuii neno. Nilitaka hoteli ya mjini, ya ghorofa, ya zege, ya watu wenye uwezo. Wengine hutazama bwawa la kuogelea na meza ya kifungua kinywa. Mimi niliikuza picha mpaka nione pale ukuta unapokutana na dari. Mume wangu aliniuliza kwa ujumbe mbona nimemtumia picha ya pembe ya chumba. Nikamwambia aitazame tena.

Tabu ikawa ni mji. Dar es Salaam yuko wifi yangu, na kulala hotelini wakati dada wa mumeo ana nyumba ni kumtukana mbele ya majirani zake. Mombasa yuko shangazi wa mume wangu, tena kabla hujafika kwa shangazi unapita mpakani Horohoro, ambako binamu yake anabadilisha fedha na anamjua kila anayevuka. Unguja yuko mjomba wangu mimi. Kila mji niliouona kwenye simu ulikuwa na mtu wetu mlangoni, amefungua mikono, na nyuma yake kuna godoro sebuleni. Mwishowe tukabaki na Arusha. Tukawaza jina moja baada ya jingine, hatukupata ndugu hata mmoja. Tukachagua hoteli katikati ya jiji, ghorofa za juu, mapazia mazito. Mume wangu akamwambia mama kwamba tunakwenda Arusha kupumzika kidogo, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akakubali kuja kulala naye.

Mama alifurahi kwa ajili yetu. Siku moja kabla ya safari, akitumiminia chai asubuhi, alisema ametupatia mwenyeji. Mtoto wa mdogo wake wa Maramba, yule aliyesoma chuo, kumbe aliolewa na mtu wa Arusha. Mama alikuwa amemtafuta kwa watu, akampata, wakazungumza. Binti alikuwa ameshatandika chumba chake na mumewe kwa ajili yetu, wao na watoto watalala sebuleni. Atatupokea stendi.

"Hoteli ya nini tena?" mama akasema. "Mtakula kwa ndugu yenu, mtalala kwa ndugu yenu."

Mume wangu akamshukuru. Mimi nikamshukuru pia, nikaenda jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Kesho yake tukapanda bajaji kwenda stendi ya Kange na mabegi yetu. Njiani mume wangu akampigia yule binti, akamwambia kwa upole kwamba safari imeahirishwa kwa sababu za kazi, tutamjulisha, wala asimsumbue mama kwa hilo. Kisha akampigia mtu wa hoteli ya Arusha, akaifuta nafasi yetu. Nikajua tunarudi nyumbani. Nilitazama nje ili asinione machozi.

Akaniuliza, "Umeona mji wowote ambao ndugu hawatatufuata?"

Nikasema hakuna.

"Upo. Mji ambao ndugu wote wanajua tumeondoka." Akamgusa dereva begani, akamwambia ageuze, twende Raskazone.

Raskazone ni Tanga hii hii. Kulikuwa na hoteli mpya kule, ya ghorofa, vioo vitupu, ambayo watu wa mji humwonyesha mgeni wakipita nayo, lakini wao wenyewe hawaingii ila kwa shughuli. Haikuwahi kunijia akilini. Mtu mwenye kwao Ngamiani kwenda kulala hoteli ya Raskazone ni jambo lisilo na maelezo. Watu wangesema tumefukuzwa, au wangesema mimi nimemtoa mtoto kwa mama yake. Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo maana hakuna atakayetutafuta huko.

Tulipewa chumba cha juu kabisa. Kijana wa mapokezi alipotuacha, niliupapasa ukuta, nikapanda juu ya kiti nikagusa unapokutana na dari. Mume wangu alikuwa ananitazama. Akaniita jina langu, kwa sauti yake kamili, ya mtu anayeita uani. Sikuwahi kulisikia hivyo kutoka kwake. Nikacheka, na kicheko changu kikanishtua, nikaziba mdomo, halafu nikakumbuka kwamba si lazima. Siku ile tuliongea mpaka koo zikakauka. Tuliongea habari za baba yake, ambaye hatukuwa tumepata nafasi ya kumlilia tukiwa wawili. Tuligombana pia, ugomvi halisi wa maneno makali kuhusu jambo la zamani, tukapatana, tukalala usingizi mzito.

Kesho yake nikataka kushuka bwawani. Nilikuwa nimenunua nguo ya kuogelea ya heshima, ya mikono mirefu. Mume wangu alishuka kwanza kuchungulia, akarudi haraka. Mwenye duka la vitambaa, yule mfanyabiashara wa Kihindi ambaye mama hununua kwake tangu ujana, alikuwa bustanini na wenzake wanakunywa chai. Tukaagiza chakula chumbani. Mchana akashuka tena, akamkuta fundi umeme wa mtaani kwetu anarekebisha taa za ukumbini. Jioni hatukujaribu.

Basi tukakaa. Dirisha lilikuwa kioo kikubwa kisichofunguka. Chini niliona bwawa, bluu, na watoto wa watu wanaruka ndani bila sauti. Ng'ambo ya miti niliona maji ya bandari, na mume wangu akanionyesha upande iliko ofisi yake. Mji wote ninaoujua ulikuwa pale, nami siwezi kutia mguu. Kiyoyozi kilitutia baridi, tukikizima tunakosa hewa. Tulipoishiwa maneno, nilisikia friji ndogo inaguruma, na nikaanza kuikumbuka ile hewa inayopita juu ya kuta zetu. Nilikasirika kwa kuikumbuka.

Mama alipiga simu kila siku. Aliuliza baridi ya Arusha tunaionaje. Mume wangu alijibu ni kali, naye kweli alikuwa amejifunika blanketi. Siku moja asubuhi mvua ilishuka ghafla wakati wanazungumza, ikapiga kioo kwa nguvu. Mama akasema huku kwetu inanyesha sana. Kisha akasema, "Na huko naisikia." Mume wangu akasema ndiyo, na huku pia. Alipokata simu alikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Nilimwambia turudi nyumbani, tuseme tumemaliza mapema. Akasema basi la Arusha halifiki asubuhi, lazima tungoje jioni. Hata kurudi kulikuwa na masharti yake.

Asubuhi hiyo hiyo mama akapiga tena, safari hii akishangilia. Binti wa mwenye duka la vitambaa anaolewa, na leo mchana ni shughuli ya wanawake, ukumbi wa ile hoteli mpya ya Raskazone. Yeye na jirani wanakwenda. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka kwa furaha tangu amalize eda. Alitaka nimshauri avae mtandio gani. Nikamshauri ule wa zambarau. Niliongea naye kwa utulivu, nikiwa nimesimama mahali ambapo saa chache baadaye angekuwa chini yangu.

Walianza kufika baada ya adhuhuri. Kutoka juu niliona mabaibui yakishuka kwenye magari, kisha muziki ukaanza, na ngoma ikapanda mpaka kwenye sakafu tuliyokanyaga. Tulikaa kitandani, mlango tumeufunga na komeo tumeliweka, kama watoto waliojificha. Hapo ndipo simu ya mume wangu ilipolia. Alikuwa jirani. Alisema asishtuke, yuko mbali na hawezi kufanya lolote, lakini ni haki yake kujua: mama ameteleza kwenye vigae pale ukumbini, ameanguka, mguu unavimba na anatetemeka.

Mume wangu alikuwa amevaa msuli na fulana. Hakuangalia viatu. Alifungua mlango, akakimbilia ngazi, nami nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Nikajiambia nikae, nisionekane, aseme yuko peke yake, aseme chochote. Kisha nikajitanda mtandio nikashuka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya ukumbi, mguu juu ya kiti kingine, wanawake wamemzunguka kwa dhahabu na manukato. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, miguu mitupu. Jirani alikuwa bado ameshika simu. Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema polepole, kwa sauti ambayo nadhani wengine hawakuisikia:

"Arusha imekuwa karibu siku hizi."

Halafu akawageukia wanawake, akawaambia kwamba tumerudi asubuhi hii, na yeye ndiye aliyetuagiza tupumzike hapa, maana nyumbani hakuna mtu. Alisema kama anayeeleza jambo la kawaida. Wanawake wakamwombea heri kwa kupata watoto wenye kusikia.

Magari ya wageni yalikuwa yameziba geti. Mume wangu akaenda kutafuta njia ya kumtoa, na mama akaomba asikae pale akitazamwa. Tukampandisha kwa lifti, mimi na jirani, tukamlaza kitandani kwetu. Jirani akarudi kufuata vitu vyake. Nikabaki naye. Alizitazama sahani za chakula, nguo ya kuogelea ambayo bado ilikuwa na lebo, halafu dari.

"Mlikuwa mnanikimbia?" akauliza.

"Hapana, mama. Tulitaka kuongea."

Akaniambia kwamba mama mkwe wake yeye alilala katika chumba anacholala yeye sasa, na yeye na mumewe walilala katika chetu. Miaka yote mpaka yule bibi anafariki, yeye hakuwahi kumwita mumewe kwa sauti ndani ya nyumba ile. Alipopata uhuru wa kumwita, alikuwa ameshazoea kutomwita.

Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia bibi.

"Ningemwambiaje? Nilidhani watu wote wanaishi hivyo."

Mguu ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Alifungwa plasta, na siku zangu za likizo zilizobaki nilizimalizia nyumbani, nikimwogesha, nikimpeleka chooni, nikilala chini karibu na kitanda chake ili asinyanyuke peke yake. Yule binti wa Arusha alipiga kutupa pole, akauliza tutakwenda lini, na mama ndiye aliyemjibu kwamba si karibuni. Habari za hoteli hazikutajwa tena kati yetu. Mtaani ikasemwa kwamba mwanawe anampumzisha mama yake Raskazone, na wanawake wakanisifu. Nilizipokea sifa zile nikiwa na hamu ya kupiga kelele.

Plasta ilipotolewa, mchana mmoja tulikuwa sebuleni wote watatu. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, kwamba nataka tupange nyumba yetu wenyewe. Alimtazama mama yake. Vidole vya mama viliendelea kutembea kwenye ungo, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Upande gani wa mji?" akauliza.

Nikasema sijui bado. Akasema Chumbageni ni mbali kwa mtu mwenye mguu mbaya kwenda kuwatembelea wanawe. Akarudi kwenye mchele wake.