Masizi kwenye Makoti ya Kiwanda cha Nyama

“Basi mwambie bosi wako mwenyewe!” binti yangu akafoka, akamtupia mumewe koti jeupe usoni. Jeupe nasema kwa heshima tu. Lilikuwa na masizi tangu kola hadi pindo, kama lililofagilia jiko.

“Mke wangu, punguza sauti, majirani...”

“Majirani wenyewe wanakohoa tangu asubuhi, watanisikia saa ngapi?”

Binti yangu ni dobi. Anafua makoti ya wafanyakazi wa kiwanda cha jirani, kile kinachootesha nyama ndani ya matangi bila ng’ombe. Anayafua yakang’aa, anayaanika uani, na ukuta wa uani ndio huohuo wa kiwanda. Bomba la moshi la jenereta yao linachungulia juu ya kamba yake. Yakikauka, makoti yamekuwa kaniki. Kiwandani wanasema dobi ndiye mchafu, na leo bosi anakuja kuyachukua ayapeleke kwa mwingine, ila kama mtu atamweleza masizi yanatoka wapi.

Mtu huyo ni mkwe wangu. Yeye ndiye anayeiendesha hiyo jenereta.

Mtaani tunamwita Kidole. Jina alilipata buchani, enzi zake za kuuza nyama, kwa jinsi gumba lake lilivyopenda kulala juu ya mizani. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kwake, nikafika nyumbani, nikafungua karatasi, nikakuta mfupa na alama ya kidole. Miaka yote hiyo ng’ombe ndiye aliyemlisha, aliyemvisha, aliyemtolea mahari ya binti yangu. Bucha likamfia, akaingia kiwandani, wakampa semina ya asubuhi moja, akarudi amekuwa adui wa ng’ombe.

“Mama, ng’ombe anaharibu hewa,” akaniambia siku hiyo, shingo juu. “Anabeua, anajamba, dunia inapata joto. Yetu sisi ni nyama safi.”

“Na hilo bomba lenu, mkwe, linabeua marashi?”

Akaenda kunawa mikono. Huyu akishindwa, ndiyo desturi yake.

Nyama yenyewe imedekezwa kuliko kitinda mimba. Inataka joto la mwili mchana na usiku, ikipoa inakufa. Inataka kila kitu kisuguliwe kwa maji ya moto, ikiguswa na uchafu inakufa. Kwa hiyo jenereta haizimwi, inakunywa dizeli mpaka lori la mafuta sasa linakuja lenyewe, dereva amelala. Maji ya moto yanamwagwa mtaroni. Vyura wamehama, nimewaona kwa macho yangu wakivuka barabara na watoto mgongoni, na mkubwa wao kajitwisha godoro. Kunguru nao wanatembea kwa miguu, maana huko juu hawaioni njia.

Ukitaka kumjua Kidole vizuri, mtazame siku ya wageni. Wageni walikuja kuona kama kweli kiwanda kinatunza hewa, na bosi alikuwa hana raha kwa ajili ya ule moshi. Kidole, kwa kujipendekeza, akamwambia, “Bosi, tuizime tu.” Wakaizima. Mbingu ikatakata kama sahani, wageni wakapiga picha mawingu, wakasifu, wakaondoka. Hakuna aliyeyakumbuka matangi. Walipoyafunua, nyama yote ilikuwa imepoa na kuvunda. Ikatupwa shimoni, na mbwa wa mtaa wakaizunguka kwa mbali, wameshika pua. Sasa zinanguruma jenereta mbili, moja haitoshi kuotesha upya kile kilichooza. Na makoti ndiyo haya.

“Utasema au husemi?” binti yangu akauliza.

“Nikiitaja jenereta tu, atakumbuka nani alimshauri aizime. Bado ana hasira.”

“Kwa hiyo bora mkeo aitwe mchafu?” nikadakia. “Uliikandamiza mizani miaka yote hiyo, leo umehamia kwenye ndoa?”

“Mama, na wewe usiingie.”

“Nimeshaingia, na viatu nimevua.”

Binti yangu akaliokota koti, akamkabidhi mikononi. “Hili ndilo utakalomwonyesha. Akiondoka na kazi yangu, na mimi nakufungia virago.”

Kidole akavuta pumzi. Kifua kikamvimba, na kwa kitambo kidogo, nisimsingizie, alifanana na mwanamume.

“Sawa! Leo ananitambua. Akija tu, namsimamia ana kwa ana, namwambia: Bosi, hiyo jenereta yako...”

“Hodi humu ndani!”

Kwenye mlango alisimama bosi. Mkwe wangu akaruka kama aliyekalia kaa la moto, akavuta kiti kile kizuri, akainama, akakifuta upesi upesi kwa koti lililokuwa mkononi mwake.

“Karibu bosi, karibu sana, kaa hapa.”

Binti yangu akanitazama. Nami nikafumba mdomo.

Bosi, aliyekuwa amevaa suruali nyeupe, akakaa.