Majina Nyuma ya Kaseti

Kazi ya Bi Terauchi ilikuwa kufuta majina ya watoto. Ukiisikia hivyo hivyo bila maelezo unaweza kudhani ni mchawi, kumbe alikuwa mfanyakazi wa kawaida kabisa katika duka la michezo ya video ya zamani, mtaa wa Nipponbashi, Osaka, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma ambako wateja hawafiki. Kaseti za michezo zilizoletwa mezani pake, zile za kuchomeka kwenye mashine iliyounganishwa na televisheni, zilikuwa za miaka ya themanini. Enzi hizo watoto waliazimana kaseti nyumba hadi nyumba, na isiyo na jina ilikuwa hairudi, basi kila moja iliandikwa mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: jina la mtoto, na wakati mwingine darasa lake. Leo wanunuzi ni wanaume wenye vitambi na mvi za kwanza, wanautafuta utoto wao, ila hawautaki ukiwa na jina la mtu mwingine. Kaseti yenye jina hushuka bei. Ndiyo maana Bi Terauchi akapata ajira.

Kazi yenyewe aliijua kuliko yeyote pale. Gamba la plastiki analiosha kwa maji ya sabuni, kisha analigeuza mgongo na kuliendea jina. Spiriti kwanza, halafu sponji laini, taratibu, kwa mizunguko midogo, maana jina likifutwa kwa pupa huacha kivuli, na ukiinamisha kaseti kwenye mwanga mtoto yule bado anasomeka. Kwa Bi Terauchi hakuna mtoto aliyesomeka. Mwisho hufungua kaseti kwa bisibisi na kusugua pini za shaba kwa kijiti cha pamba. Pini zilimwambia mengi. Zenye ukungu wa kijani zilikuwa zimepulizwa. Mchezo ukigoma kuwaka, watoto walichomoa kaseti wakaipuliza kwa mdomo, na mate yale yakabaki humo yakila shaba kwa miaka thelathini. Ukutani, juu ya televisheni ya majaribio, kulikuwa na tangazo aliloliandika mwenyewe: Tafadhali usipulize.

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kulifuta jina, alilisoma kwa sauti ya chini.

“Bi Terauchi, unaita mahudhurio?” Kaneshiro alikuwa akimtania. Huyu alikuwa fundi wa meza ya jirani, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kazi ya kuchomelea waya na kubadilisha betri. “Wote wapo leo?”

“Mmoja hajafika.”

“Mtoro huyo. Mwandikie mzazi wake barua.”

Bi Terauchi alicheka kidogo, akaendelea kusugua. Kaneshiro hakujua, wala bosi wao hakujua, kwamba huyo ambaye hajafika alikuwepo kweli.

Aliitwa Ueshima Tomonori, na alikuwa mwanawe. Siku moja kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, Bi Terauchi, wakati huo mke wa Ueshima, alikaa sakafuni akiandika jina lake kwenye kila kitu, kama wafanyavyo akina mama wote wa nchi ile: penseli moja moja, viatu vya kuvaliwa ndani ya darasa, kofia, hata vijiti vya kuhesabia. Tomonori akamletea kaseti yake nyekundu ya besiboli. “Na hii, Mama.” Akaiandika, na mkia wa herufi ya mwisho akauzungusha kwa madaha mpaka ukawa duara, mtoto akacheka. Kona ya kaseti ile ilikuwa na alama ya kuungua kama mwezi mchanga, kwa sababu Tomonori aliwahi kuiacha juu ya dawa ya mbu inayowaka.

Mwaka uliofuata ndoa ilivunjika. Mama mkwe hakumtaka, mume hakufungua mdomo, na sheria za wakati ule zilimpa mtoto mzazi mmoja tu. Bi Terauchi aligonga muhuri wake, ambao huko ndio sahihi, kwenye karatasi ya talaka waliyomsogezea, akaondoka mtoto akiwa shuleni, kwa sababu walimwambia itakuwa rahisi hivyo. Ilikuwa rahisi kwao. Alipopata ujasiri wa kurudi kwenye nyumba ile, kibao cha mlangoni kilikuwa na jina la watu wengine, na majirani wakasema hawajui kitu, kwa ile sauti ya watu wanaojua. Akatafuta kwa njia zote alizozifahamu mpaka zikamwishia.

Ndipo alipoliona tangazo la kazi la duka linalonunua kaseti za zamani. Anayeleta kaseti kuuza huandika jina na anwani yake kwenye daftari la duka, ndivyo inavyotakiwa. Akawaza: siku moja Tomonori atasafisha kabati lake, ile nyekundu itapita mikononi mwangu, na kwenye daftari lililoko chini dukani nitakuta anapoishi. Mawazo ya mtu aliyekwama, hakuna asiyeliona hilo. Lakini yalimwamsha asubuhi kwa miaka kumi na saba, na wapo wenye mipango mizuri zaidi ambayo haijawaamsha hata wiki moja.

Msimu wa mvua wa mwaka huu macho yalimharibikia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliahirisha upasuaji mara mbili akiogopa kitakachopita mezani asipokuwepo, huku majina yakizidi kuwa ukungu mtupu.

“Nenda ukatibiwe, Bi Terauchi,” alisema Kaneshiro. “Juzi umesugua kaseti dakika kumi na haikuwa na jina lolote.”

“Nitakosekana siku nne. Masanduku yangu yaache hivyo hivyo. Usijisumbue.”

“Haya.”

“Kweli, usijisumbue. Nitayakuta.”

Kaneshiro alilelewa vizuri, na balaa lilianzia hapo. Mahali pale mtu mzima akikwambia usijisumbue, tena mara mbili, maana yake anaona haya kukubebesha mzigo wake. Mwenye adabu huitikia “haya”, kisha hujisumbua. Bi Terauchi angeweza kusema neno moja zaidi, kwamba kuna jina analolingoja. Hakulisema. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliwahi kuwa mama, na hakuona pa kuanzia.

Alirudi Jumatatu na boksi la keki za maharage, kuwaomba radhi wenzake kwa kukosekana. Macho mapya yalimwonyesha kila kitu: vumbi juu ya rafu, mikunjo ya vidole vyake, na meza yake. Masanduku yalikuwa matupu. Kaseti mia mbili zilipangwa kwa safu, safi, zinang'aa.

“Kaneshiro. Hizi…”

“Aa, kitu kidogo tu. Nilikuwa nabaki kidogo jioni. Si daktari kakukataza kukodoa macho?” Alikuwa anaona haya kwa furaha. “Magamba tu lakini. Pini nimekuachia, pini siziwezi.”

Bi Terauchi aliinama, akamshukuru, kwa sababu ndivyo inavyopasa. Kisha akapita kwenye safu moja baada ya nyingine. Katika safu ya tatu aliiona nyekundu. Kwenye kona yake palikuwa na alama ya kuungua, kama mwezi mchanga.

Aliigeuza. Mgongo ulikuwa mtupu. Akaiinamisha kwenye taa, huku na huku, akachukua na lenzi. Hakukuwa na kivuli hata cha mstari mmoja. Spiriti kwanza, halafu sponji laini, kwa mizunguko midogo: yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kaneshiro.

“Hii ilikuwa na jina gani?”

“Ipi? Hiyo nyekundu?” Kaneshiro aliinua macho kutoka kwenye waya zake. “Jina lilikuwepo, ndiyo. Wino wake ulinitesa.”

“Jina gani?”

“Mi sisomi, Bi Terauchi. Nikianza kusoma nitamaliza lini?” Kisha akaona uso wake. “Kwani vipi, nimeikwaruza?”

“Herufi ya mwisho. Mkia wake haukuwa wa duara?”

Kaneshiro alifikiri kwa dhati, maskini. “Labda. Kwa kweli sikuangalia.”

“Hujakwaruza kitu,” alisema Bi Terauchi. “Umefanya kazi nzuri.”

Alishuka chini kwa bosi, Bwana Nishiwaki, akamwuliza sanduku lile limetoka kwa nani. Nishiwaki akafunua daftari huku akitafuna keki yake.

“La mnadani hilo, Bi. Wafanyabiashara kwa wafanyabiashara. Mchanganyiko wa kila kona, hata aliyeniuzia hajui katoa wapi. Nyingi huwa ni vitu vya nyumba za marehemu, unajua tena, wanasafisha wanauza.” Akafunga daftari. “Tamu hizi keki.”

Alipanda ngazi akijiambia maneno ya akili. Kaseti nyekundu za aina ile zilikuwa nyingi. Dawa ya mbu iliwaka kila nyumba, na watoto wazembe hawakuwa mmoja. Maneno yote yalikuwa sahihi na hayakumsaidia chochote. Huenda ilikuwa yake. Huenda mwanawe yu hai mahali fulani, huenda ni mmoja wa hao ambao nyumba zao zimesafishwa. Aliyekuwa na jibu alilifuta kwa wema.

Alikaa, akashika bisibisi, akaifungua kaseti. Pini zilikuwa za kijani, kijani kizito, za kaseti iliyopulizwa miaka na miaka. Akachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akakisimamisha juu ya pini. Tomonori alikuwa akipuliza mpaka mashavu yanawiva, mchezo haukubali, kisha anamfuata jikoni na kaseti mkononi. “Puliza wewe, Mama. Yako ndiyo inawasha.” Naye alifuta mikono, akapuliza, na mara nyingi kweli iliwaka.

Aliweka kijiti chini. Akairudisha parafujo mahali pake, akaenda kwenye televisheni ya majaribio, na hapo hapo chini ya tangazo lake akainua kaseti mdomoni, akapuliza.

“Bi Terauchi,” Kaneshiro alisema polepole, hajui acheke au la. “Tangazo.”

Aliichomeka, akabonyeza swichi. Kioo kilibaki cha kijivu.

Akaichomoa, akapuliza tena.