Dawa Mbili, Jina Moja

Bertilla alizaliwa Laela, binti wa mnunuzi wa mahindi, na tangu utotoni hakuvumilia kuona vitu vimechanganywa. Magunia ya baba yake aliyapanga mwenyewe, ulezi huku, mahindi kule. Alipomaliza chuo aliajiriwa na kituo cha masista nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, chenye zahanati upande mmoja na zizi la ng'ombe upande wa pili. Aliwaandikia programu ya stoo, nayo ilifanya kazi vizuri, ila faili zake zote zilirundikana mahali pamoja. Kila alipofungua kompyuta, rundo lile lilimkera.

Jumatatu moja akaamua kuzipanga katika pakeji. Pakeji si jambo la ajabu. Ni kama chumba chenye jina, unamoweka faili za kazi moja. Za zahanati akaziweka chumba chake, za mifugo chake. Raha yake ni kwamba vyumba viwili vinaweza kuwa na faili zenye jina moja bila ugomvi. Basi yale majina yake marefu, DawaYaBinadamu na DawaYaMifugo, akayakata, zote mbili zikabaki Dawa. Na Kiswahili chetu kilimsaidia kukosea: mgonjwa hunywa dawa, kupe hunyunyiziwa dawa, panya hutegewa dawa. Parokia ikiwa na Agnesi wawili, ukaita tu "Agnesi" bila kusema wa wapi, usishangae akiitika usiyemtaka.

Ikabaki faili inayochapa karatasi za kubandika kwenye chupa za wagonjwa. Hapo ilimpasa kutaja anataka Dawa ya pakeji ipi. Kompyuta ikampendekezea zote mbili, ya mifugo ikitangulia kwa alfabeti. Akabonyeza ya kwanza. Kompyuta haikulalamika, maana Dawa zote mbili zilijua kupokea uzito na kutoa kipimo. Bertilla akaenda kunywa chai, ameridhika.

Aliporudi alimkuta nesi Redempta mlangoni, karatasi mkononi, anacheka.

"Bertilla, hebu nisomee hapa, au ni macho yangu?"

Akasoma. Jina la mtoto, dawa ya minyoo, kipimo, na chini yake: *Usichinje kabla ya siku kumi na nne.*

Bertilla hakucheka.

"Umeshabandika ngapi kama hii?"

"Hii sijabandika. Nimebandika moja tu, ya mama Yusto, nayo sikuisoma. Ameshaondoka."

"Kipimo ulimwambia kwa mdomo?"

Kicheko kikatoweka usoni mwa Redempta. Zamani alieleza kwa mdomo, na mama akirudia maneno ndipo alipomwachia chupa. Tangu karatasi zianze, foleni ikiwa ndefu, alisema tu, "Fuata karatasi, mama." Na karatasi ile ilikuwa na kipimo cha ndama, kwa mtoto wa miaka minne.

Namba ya simu waliyokuwa nayo ilikuwa ya jirani wa mama Yusto, na haikupatikana. Redempta akakimbia kumwita daktari akae tayari. Bertilla akapanda bodaboda ya Maganga, dereva wa pale kituoni, wakashika njia ya Kaengesa, kijijini kwa mama Yusto.

Aliogopa. Kufukuzwa kazi hakukumpitia hata akilini. Alianza Salamu Maria ikamkatikia katikati, akaanza tena, ikakatika palepale. Alichokiogopa zaidi ni kukuta watu wamejaa uwanjani, kwa kuwa alijua watu hujaa uwanjani kwa sababu gani. Kila nyumba waliyoipita yenye watu wawili watatu nje ilimkausha mate.

Kwa mama Yusto uwanja ulikuwa na watu.

Wanawake walikaa kwenye mkeka, kimya, khanga mabegani. Maganga akazima pikipiki. Bertilla alishindwa kushuka.

"Karibu, dada wa kompyuta," mama Yusto akatokea jikoni. "Hawa ni wifi zangu, wamefika sasa hivi kutoka Kasesya. Hapa nilipo nina aibu, nawapa maharage. Jogoo yupo, lakini karatasi yenu imekataza kuchinja."

"Yusto yuko wapi?"

"Amelala ndani. Nimempa chupa yote, kama mlivyoandika. Dawa yenye mwiko ni kali, nikasema nisicheze nayo."

Bertilla hakubisha hodi wala hakuwaamkia wageni. Yusto alikuwa amejikunja kitandani, jasho limemlowesha shati, ametapika kwenye mto. Alimwita mara mbili ndipo mtoto akaguna. Akambeba hivyohivyo, mama akapanda nyuma yake, na Maganga akaendesha kwa namna ambayo siku nyingine wangemkataza.

Daktari alimpokea mtoto mlangoni, akawaacha kwenye benchi. Hapo ndipo Bertilla alipolisema kosa lake, kwa kuwa kukaa nalo kulimtisha kuliko kulitoa.

"Mama Yusto, karatasi ile ilikuwa ya ndama. Aliyekosea ni mimi."

Mama Yusto aliutazama mlango tu, na Bertilla akautazama naye, kila kitasa kilipolia wote wawili wakishtuka. Alasiri daktari akatoka, akasema hatari imepita, mtoto anadai uji. Bertilla alilia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Mama Yusto alimsubiri anyamaze.

"Mama yangu hakujua kusoma," akasema. "Akinileta zahanati alimwuliza nesi kipimo, akauliza tena, mpaka wanamfukuza. Mimi nilikuwa namwonea haya. Nimesoma mpaka la saba, nikaona mimi sina haja ya kuuliza."

Alisema bila hasira, akajifunga khanga vizuri, akaingia kumlisha mwanawe.