Kamba za Maksai kwenye Kebo

Werema Nyamhanga wa Mugeta alipopunguzwa kazi mjini Musoma mwaka 1993, alipata kibarua kwenye shimo la dhahabu la mtu binafsi upande wa Butiama. Kazi yake ilikuwa kebo, waya mnene kama mkono, uliotoka kwenye jenereta ukingoni na kuteremka hadi kwenye mkanda wa kubebea mawe. Mkanda ulikuwa na magurudumu ya chuma. Uchimbaji ukisogea, nao ulisogezwa, na kebo ikaburutwa kuufuata.

Kanuni ilikuwa moja: umeme uzimwe kabla kebo haijaguswa. Lakini swichi ilikuwa imekufa na vipuri havikuwepo, kwa hiyo kuzima ilikuwa ni kuzima jenereta yenyewe, na kuiwasha tena kwa hendeli kulimaliza nusu ya asubuhi. Wakazoea kuiburuta ikiwa na umeme. Glavu za mpira zilipotoboka, Nyamhanga alileta kutoka kwao kamba za ngozi za kufungia maksai, wakazifunga kwenye kebo na kuivuta bila kuigusa. Zikiwa kavu hazikumdhuru mtu. Alisifiwa, akafurahi, wala hakujiuliza. Hapo ndipo alipokosa. Aliwapa wenzake njia ya kuvunja kanuni bila woga.

Siku moja ya Aprili mvua ilinyesha hadi alfajiri. Nyamhanga alifunga kamba karibu na kiraka cha mpira wa baiskeli kilichoziba mahali kebo ilipochubuka, akaishika. Ganzi ikampanda hadi kwenye kiwiko. Akaiachia. Kamba ilikuwa imelowa.

Mbele yake Masatu, kaka wa mkewe Dafroza, alikuwa ndani ya dimbwi, viatu vimetoboka, akiinamia kamba ya pili.

"Shemeji, usishike."

"Nyie wa ng'ombe mnaogopaga maji," Masatu akacheka. "Sisi wa Kisorya, kando ya ziwa, tumezaliwa humo."

"Nimesema usishike. Toka majini."

Masatu alimtazama usoni, akaacha kucheka, akatoka.

Nyamhanga alipanda ukingoni. Aliogopa umeme, na aliogopa pia kurudi nyumbani mikono mitupu kwa watoto wanne. Akazima jenereta, akachomoa hendeli na kuikumbatia kifuani.

Bernado, msimamizi, alikuja mbio. "Nani amekuruhusu?"

"Kamba imelowa, mzee. Inapitisha."

"Jana haikupitisha. Lete hendeli."

"Mpaka kiraka kifunguliwe."

"Unajua wangapi wanaitaka kazi yako?"

"Najua, mzee."

Hakuiachia. Mwishowe Bernado akateremka, akakata kiraka kwa kisu mwenyewe. Ndani, shaba ilikuwa wazi, nyeusi, maji yakichuruzika juu yake. Bernado aliangalia dimbwi, kisha miguu ya Masatu.

"Fungeni upya," akasema.

Kebo ilifungwa, ikakauka, mkanda ukazunguka kabla ya saa kumi. Jioni Bernado alimwambia Nyamhanga asirudi kesho. Mtu aliyezima bila amri, alisema, atazima tena. Kwa hilo alisema kweli.

Masatu alimsindikiza hadi barabara ya Bunda.

"Shemeji, mvua ikinyesha tena, nani atazima?"

"Wewe."

"Mimi naogopa."

"Hata mimi niliogopa. Zile kamba nilizileta mimi, Masatu. Zichome."

"Bernado amezifungia stoo."

Nyamhanga alisimama, akatazama mawingu yaliyojikusanya juu ya ziwa. Kisha akageuka kurudi mgodini kudai kamba zake, na Masatu akamfuata.