Mwali Aliyetoka Kabla ya Ngoma

Nakumbuka asubuhi niliyowekwa ndani, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimeshavaa sare ya shule. Mama aligundua nimevunja ungo, akanivua sare, akanifunga kanga na kuniingiza chumba cha uani, hapo nyumbani kwetu Temeke. Kwa sisi Wazaramo wa miaka ile ya Ujamaa, msichana akifikia hapo anakuwa mwali. Anakaa ndani, haonekani, hapazi sauti, na kungwi wake anamfunda mambo ya utu uzima mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa mbele yangu, na ngoma yangu ilingoja mavuno ya mpunga ya mwaka uliofuata, ndugu wa Kisarawe wapate nafasi ya kuja.

Nililia, kisha nikachoka kulia. Rafiki yangu Tatu akanipitishia vitabu dirishani, nami nikakaa mkekani kusoma kama tulivyozoea darasani, yaani kwa kuimba. Shuleni kwetu kila kitu kiliimbwa: hesabu za kuzidisha, mito, mikoa, mpaka sehemu za ua. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza, sauti yangu ilifika mpaka shamba la mihogo la shule. Basi nikaanza kuimba.

"We! Mwali hapayuki!" Shangazi Mwajuma alikuwa ameshafika mlangoni. Dada wa baba huyo, na ndiye aliyekuwa kungwi wangu.

Nikafunga mdomo, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Bila wimbo sikuwa na kitu. Nikijiuliza saba mara nane, sina jibu mpaka nianze tangu mwanzo kimoyomoyo, nipande wimbo kama ngazi. Miaka yote ile nilikuwa nasifiwa kwa akili, kumbe nilikuwa na koo tu.

Sasa sikiliza jinsi shangazi alivyokuwa anafunda. Alinieleza jambo moja, dogo, akaondoka. Kesho yake, wakati ananisugua liwa mgongoni, akaniuliza ghafla. Siku nyingine aliuliza la wiki iliyopita, akalichanganya na la jana. Nikijibu kwa maneno yake mwenyewe, alinifinya paja. "Hayo yangu," alisema. "Nataka yako." Na nikikwama hakunisaidia haraka, aliendelea kunisugua huku akingoja.

Nikaona, kumbe! Huyu bibi hajawahi kukaa darasani, lakini anayonifundisha yeye hayanitoki, na ya shule yote yamemwagika. Nikaamua kumwibia njia yake. Nilisoma ukurasa mmoja, nikafunika kitabu kwa kanga, nikajiuliza kimya kimya. Hesabu nilizifanya kwa kidole kwenye sakafu ya udongo, nikifuta kwa kiganja. Nililokosa leo nilijiuliza tena kesho, nikalichanganya na la zamani. Nilisoma kila asubuhi, Mama akiwa sokoni, kabla sijashikwa na uvivu wa joto. Na nilijifinya, usicheke. Taratibu vile vitu vikaanza kuwa vyangu.

Lakini kujua hakutoshi kama mlango umefungwa. Siku ya kuamkia mtihani nilitoka chumbani nikaenda barazani alipokaa Baba. Mwali hazungumzi na baba yake, mwanangu, hata kumtazama hamtazami. Shangazi alinifuata mbio akinivuta kanga.

"Shikamoo, Baba," nikasema. "Mie kesho naenda kwenye mtihani."

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa mikutano, na kazi yake ilikuwa kuwahimiza majirani wapeleke watoto shule. Redio yake ilikuwa inasema hayo hayo kutwa.

"Juzi nimekusikia kupitia ukuta," nikaendelea. "Ulimwambia Mzee Pazi atakayemzuia mtoto kusoma anarudisha nchi utumwani. Mie si mtoto, Baba?"

"Nani kakufundisha kiburi hiki?" Shangazi alinikemea.

"Wewe, Shangazi. Ulitaka maneno yangu mwenyewe."

Baba alizima redio. Alisema, polepole sana, "Ukivuka kizingiti hiki kabla hujachezwa, ngoma hakuna. Sitawaita watu waje kumtoa mwali aliyejitoa mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Asubuhi nilivaa sare, ikawa imenibana, nikavuka. Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zikafurika. "Mwali huyo! Mwali yuko njiani!" mmoja akapiga kelele. Sikukimbia. Nilifanya mtihani ule darasa likiwa kimya kabisa, na wenzangu wengi walikwama kwa sababu hairuhusiwi kuimba kwenye mtihani. Mimi kimya nilikuwa nimeshakizoea. Nilifaulu, nikaenda sekondari ya bweni, na Baba alinisindikiza stendi.

Ngoma yangu haijapigwa mpaka leo. Shangazi Mwajuma alikufa hajaniambia kama alinisamehe, na hilo linaniuma, sikufichi. Nikienda kwenye shughuli za watu wapo wanaonitania kuwa mimi bado mwali, na wengine hawatanii. Nawaambia ndiyo, mwali mzee mwenye miwani, sogeeni nikae. Siidharau mila iliyonifunda. Ila ningerudishwa barazani pale leo hii, ningesema maneno yale yale, na kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo usiniletee habari za umeme kukatika, mwanangu, wala mwalimu mkali. Soma kidogo, funga kitabu, jiulize. Jibu kwa maneno yako, si ya mwalimu. Ulilokosa lirudie kesho, na la zamani usiliache lilale. Chagua saa yako ukae nayo hata siku usizotaka. Na kelele zisikudanganye, hata zikiwa zako. Mungu akufungue akili, akupe na ubishi kidogo wa kuitetea, na siku utakayosimama peke yako njiani watu wakikuangalia, akushike miguu usikimbie. Amina.